Kuishi kwenye Hiace Engare Sero: joto la Ziwa Natron si joto la Tanga

*"Habari mtaalamu. Mimi na mke wangu tunaishi Tanga, Ngamiani. Tuna Hiace ya vioo pande zote, zamani ilikuwa daladala. Nimeng'oa viti, nimeweka kitanda, na darini nimebandika sponji ya inchi mbili chini ya plaiwudi. Napiga picha na video, na nimepata kazi kwenye kambi za watalii Engare Sero, kando ya Ziwa Natron, kuanzia Januari hadi Machi. Badala ya kulipia chumba tumeamua kuishi ndani ya gari, pamoja na mtoto wetu wa miaka miwili na nusu. Joto sioni kama tatizo, sisi ni watu wa pwani. Maji nadhani hayatasumbua kwa kuwa ni ziwani, na nasikia sehemu za jangwa usiku kuna baridi. Mke wangu anatumia vidonge vya presha. Je, pale panafaa kwa kuishi garini?"*

Nianze na jibu lenyewe, maana Januari haiko mbali. Kwa Hiace ya vioo, katika miezi hiyo, ukiwa na mtoto wa umri huo: hapafai. Ukienda peke yako mwezi wa Julai, ukiwa na kivuli cha uhakika mchana kutwa na maji yaliyopimwa, panawezekana. Kati ya majibu hayo mawili kuna njia ya tatu ambayo nadhani ndiyo itakayowafaa, nami nitaifikia. Kwanza tuyatazame mambo matatu unayoyategemea: kuzoea joto la pwani, maji ya ziwa, na baridi ya usiku. Yote matatu hayasimami.

Tanga mwezi Februari, mchana, hewa huwa nyuzi 32 au 33 na imejaa unyevu. Unatoka jasho, shati linalowa, unajiona umechoka. Lakini hewa hiyo bado iko chini ya joto la ngozi yako, ambalo ni kama nyuzi 35. Ndiyo maana feni, au upepo wa kaskazi unaoingia dirishani, unakupa nafuu: unachukua joto mwilini na kuondoka nalo. Engare Sero iko chini kwenye Bonde la Ufa, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, ardhi kavu yenye majivu ya volkano. Mchana wa msimu wa joto hewa hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na siku kali hufika 40. Hewa ikishapita joto la ngozi, feni haikupozi tena kwa kupuliza tu. Inakuletea joto. Kinachobaki kukupoza ni jasho linapokauka, na jasho likauke lazima kwanza uwe umekunywa maji ya kulitengeneza.

Hapo ndipo mtu wa pwani anapodanganyika. Kwenye hewa kavu jasho hukauka kabla hujaliona. Shati halilowi, kwa hiyo unajiona uko salama, kumbe mtu mzima anayefanya kazi juani anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Mazoea ya Tanga yanakusaidia kiasi, kwa sababu mwili wako umejifunza kutoa jasho mapema. Lakini macho yako yamejifunza dalili nyingine, ile ya nguo kulowa, na kule dalili hiyo haipo. Dalili ya kutumia ni mkojo: ukiwa mchache na wa rangi ya chai, umeshachelewa kunywa.

Mtoto ana shida ya ziada. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, hivyo hupokea joto haraka kuliko wa mtu mzima, na hawezi kusema "nahisi kizunguzungu". Anakuwa mkali, halafu anakuwa mpole kupita kiasi, halafu analala. Wazazi wengi hufurahi akishalala. Katika gari lenye joto, usingizi huo usiuamini.

Sasa gari. Jua la saa sita mchana humwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Paa la Hiace lina mita za mraba tano hivi, yaani ni kama pasi tano za umeme zimewashwa juu ya kichwa chako. Paa jeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga huo, paa la rangi nzito huubeba karibu wote. Ila tatizo lako kubwa zaidi ni vioo. Mwanga hupita kwenye kioo, ukigonga godoro na plaiwudi hugeuka joto, na joto hilo halitoki kwa njia lililoingilia. Gari lililofungwa juani hupanda kama nyuzi 10 ndani ya dakika 10 za mwanzo, na kama 20 likifika nusu saa. Kuacha dirisha wazi upana wa vidole viwili hakubadilishi hesabu hiyo kwa maana yoyote. Kwa hiyo mtoto asiachwe garini hata kwa kuchota maji ya ndoo moja.

Mapazia ya ndani husaidia kidogo tu, kwa sababu yanazuia mwanga ukiwa umeshaingia. Kinga ikae nje ya kioo. Chukua zile karatasi nene za kung'aa zenye mapovu ya hewa katikati, kata kwa umbo la kila dirisha, shonea sumaku kwenye kingo, kisha zibandike nje kwenye bati kuzunguka kioo. Zaidi ya hapo, gari zima linahitaji kivuli kilichoachana nalo. Neti nyeusi ya kivuli wanayotumia wakulima wa mboga, yenye kuzuia asilimia 70 au 80 ya jua, ikiinuliwa sentimita 15 hadi 20 juu ya paa na kushuka upande wa magharibi, itakupa nafuu kuliko sponji ya unene wowote. Upepo lazima upite kati ya neti na bati. Ukiilaza neti juu ya bati, joto lake linahamia kwenye bati moja kwa moja.

Hiyo sponji uliyobandika naomba uing'oe kabla hujakwenda popote. Sponji ya godoro hunywa unyevu. Kwa hewa ya Tanga itaota ukungu nyuma ya plaiwudi na bati litaanza kutu bila wewe kuona. Ikishika moto hutoa moshi wa sumu, na wewe unalala chini yake. Weka povu gumu jeupe, lile la maboksi ya kubebea samaki, unene wa sentimita 3 hadi 4, libandike kwa gundi isiyoliyeyusha (gundi za petroli hulila), kisha lifunike lote kwa plaiwudi ili lisikae wazi kwa moto, na ziba maungio. Lakini fahamu kazi yake: povu huchelewesha joto, haliliondoi. Gari lisilo na kivuli wala tundu la kutolea hewa litapata joto polepole, na likishapata, povu lilelile litalifungia ndani usiku.

Hilo linatuleta kwenye baridi ya jangwani. Ni kweli kwamba nchi kavu isiyo na mawingu hupoteza joto haraka usiku, na jangwa lililoko juu milimani hutetemesha watu. Natron iko chini, imezungukwa na kuta za Bonde la Ufa, na mawe na majivu yake yanakuwa yamenyonya jua kutwa. Ndani ya gari mnakuwa na godoro, maji, mbao na miili mitatu, vyote vikiwa vimebeba joto la mchana. Saa nne usiku hewa ya nje inaweza kuwa imeshapoa huku mto wa kulalia bado ni wa moto. Bila hewa kupita, mtalala alfajiri.

Hewa ipite hivi: iingie chini, upande wa kivuli, itoke juu. Toboa paa tundu la sentimita 36 kwa 36 uweke feni ya volti 12 inayovuta hewa nje. Zingatia isije ikakata mbavu za paa, na zungushia silikoni ya magari, siyo ya bafuni. Upande wa chini acha nafasi ya kuingilia isiyopungua ukubwa wa tundu la juu, yenye wavu wa mbu. Bila nafasi hiyo feni itavuta vumbi kupitia kila upenyo wa mlango, na vumbi la kule ni jivu laini la volkano ya Ol Doinyo Lengai, linaloingia hadi kwenye lenzi. Ongeza feni mbili ndogo za kubana, moja ya kichwani na moja ya miguuni.

Hapa kuna zawadi moja ambayo pwani hamnayo. Kwa sababu hewa ni kavu, maji yanayokauka hupoza sana. Kanga iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikitundikwa mbele ya feni ndogo, itateremsha joto la hewa inayokufikia kwa nyuzi kadhaa. Mtungi wa udongo utapoza maji ya kunywa kuliko unavyofanya Tanga. Shuka la pamba lililonyunyizwa maji kabla ya kulala hufanya kazi kweli. Yote hayo yanakula maji, na maji ndiyo swali gumu kuliko yote.

Ziwa Natron lisikupe matumaini hata kidogo. Ni maji ya magadi, makali kiasi cha kuchoma ngozi yenye mchubuko na macho, kina chake hakifiki mita tatu, na sehemu nyingi hupata joto la kupita nyuzi 40. Heroe hutaga pale kwa sababu wanyama wengine hawauwezi mwambao huo. Hayanyweki, hayapikiwi, hayaogewi wala hayafuliwi. Hata kupoza hewa hayafanyi, maana maji ya kina kifupi hivyo hupata moto mpaka chini, na kabla upepo haujakufikia unapita juu ya tambarare ya chumvi inayowaka. Usiendeshe gari kwenye ukoko mweupe wa ufukweni pia. Juu unaonekana mgumu, chini ni tope. Hiace ikizama hapo itavutwa na trekta kama lipo.

Maji ya kutumia hutoka kwenye mto unaoteremka kutoka ukingo wa Bonde na kwenye mabomba ya kijiji na kambi. Haya yanahitaji maswali mawili. La kwanza ni vijidudu, na hilo linatatuliwa kwa kuchemsha au kutia dawa ya klorini. La pili ni floraidi, madini asilia yanayoyeyuka ndani ya maji. Maji ya maeneo ya volkano ya kaskazini mara nyingi yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, ndiyo maana watu wengi wa Arusha waliokulia huko wana meno ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inazidi kukolea. Mwanao yuko katika umri ambao meno yake ya utu uzima yanajengeka ndani ya ufizi, kwa hiyo ndiye wa kulindwa zaidi. Chupa safi ya maji ya kijiji ipelekwe maabara ya ubora wa maji Arusha, na mpaka majibu yatoke, mtoto apikiwe na anyweshwe maji ya chupa au yaliyotoka sehemu iliyopimwa. Chujio za mshumaa na zile za mkaa wa kawaida hazitoi floraidi. Mkaa wa mifupa hutoa, lakini lazima ubadilishwe kwa wakati.

Kiasi gani? Mtu mzima anayekaa kivulini huko anywe lita 5 hadi 6 kwa siku, anayebeba kamera juani lita 8 au zaidi, kidogo kidogo tangu asubuhi. Ukijumlisha kupika, kuoga kwa kopo, vyombo na hizo kanga za kulowesha, panga lita 50 kwa siku kwa familia yenu. Tanki la lita 200 linakwisha siku ya nne, na uzito wake ni kilo 200. Liwekwe katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, lisiwe mkiani, vinginevyo usukani utakuwa mwepesi kwenye changarawe. Kunywa maji matupu lita nyingi bila chumvi nako kuna hatari. Milo iwe na chumvi ya kawaida, na pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ziwepo: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, bila kupunguza maji wala kuongeza sukari.

Umeme nitaupitia haraka. Feni ya paa ikila ampea 2.5 kwa saa 14, feni ndogo mbili ampea 0.8 kila moja, na friji ndogo ya volti 12 inayohangaika na joto, unafika ampea-saa 110 hadi 120 kwa siku kabla hujachaji kamera. Hiyo inataka paneli za wati 350 hadi 400, zikiinuliwa sentimita 5 juu ya paa ili zipate hewa, kwani paneli yenye moto hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Betri ya lithiamu isikae nyuma kwenye vioo. Nyingi hukataa kuchajiwa zikipita nyuzi 45 hadi 55, kutegemea aina. Betri za asidi hazikatai, ila maisha yake hukatika nusu kwa kila nyuzi 10 za ziada juu ya 25. Usiitegemee AC ya gari kwa kulala: injini ikiwaka umesimama, moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa usingizini. Jenereta chini ya dirisha ni vilevile. Mtungi wa gesi ukae nje kivulini, na mapishi yawe nje.

Kabla hujatumia hata shilingi kwenye gari, fanya kipimo hiki hapohapo Tanga. Nunua vipimajoto viwili. Egesha gari juani, tuseme uwanja wa wazi Raskazone, asubuhi hadi usiku, milango ya upepo wazi na feni yoyote uliyonayo ikiwaka. Kipimajoto kimoja kitundike nje kivulini, usawa wa kifua, kingine kiweke juu ya mto wa kulalia. Andika namba zote mbili saa nane mchana, saa moja jioni, saa nne usiku na saa kumi alfajiri. Rudia siku tatu. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya ndani na nje. Mchana ikiwa nyuzi 3 au 4, na saa nne usiku isizidi 2, gari lako limetengenezwa vizuri. Ikiwa mchana ni nyuzi 8, peleka hesabu hiyohiyo Natron: nje 38, ndani 46. Hakuna kuzoea huko.

Sasa njia ya tatu. Wewe una wenyeji tayari, hizo kambi zinazokupa kazi. Kabla ya kusaini, omba kwenye makubaliano sehemu ya kuegesha chini ya miti yao, choo na bafu, na maji kiasi fulani kwa siku. Kambi nyingi zimejengwa kwenye migunga kwa sababu hiyohiyo ya kivuli, na kwao gharama ya ombi lako ni ndogo. Mke na mtoto wakae kwenye mji mdogo wa Mto wa Mbu, katika chumba cha kupanga: pako juu zaidi, pana soko, lami, maduka ya dawa, na feni ya umeme wa gridi. Wewe uteremke Engare Sero kwa siku nne au tano za kazi, kisha urudi. Njia ni kama kilomita 120 kupitia Engaruka, nyingi ni vumbi na makorongo, na itakula nusu siku. Jaza mafuta Mto wa Mbu, chukua tairi za akiba mbili, kung'uta chujio cha hewa kila ukifika. Hesabu pia mageti ya halmashauri na vijiji wanaotoza njiani. Mwezi wa Machi masika yakianza usiegeshe wala kulala ndani ya korongo hata mbingu ikiwa safi, maana mvua inaweza kunyesha juu ya ukingo na maji yakakufuata chini. Hiace haivuki makorongo hayo yakijaa, subiri yapungue.

Usiegeshe popote unapojisikia. Eneo hilo ni pori tengefu na ni ardhi ya vijiji vya wafugaji. Beba barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wenu, ukifika uripoti kwa mtendaji wa kijiji, na umwambie wazi kwamba utalala ndani ya gari. Kama kadi ya gari bado inasema ni la abiria, nenda TRA na kwa wakala wako wa bima ukaulize kabla ya safari, maana ajali ikitokea huku bima inasema kitu kingine, utalipa mwenyewe.

Kuhusu mke wako, hili halijibiki kwa maandishi. Baadhi ya vidonge vya presha hufanya kazi kwa kuongeza mkojo, vingine huathiri namna figo zinavyoshika chumvi. Mtu akikauka maji juu yake, presha inaweza kushuka ghafla akaanguka. Asiache dawa na asipunguze kwa hiari yake. Aende hospitali ya Bombo au kwa daktari wake wa siku zote, abebe vidonge vyenyewe, aeleze anakwenda wapi na kwa muda gani. Mtoto naye apimwe siku hiyohiyo.

Na hata akiwa Mto wa Mbu, mjue mstari wa kutovuka. Kichwa kuuma, misuli kukaza, kichefuchefu na jasho jingi ni dalili ya kuchoshwa na joto: kivuli, nguo zilegezwe, ORS, mapumziko, na ndani ya nusu saa hali iwe inarudi. Akianza kuongea ovyo, kuyumba, kutapika mfululizo, kushikwa na degedege, au mtoto akawa mlegevu asiyeamka vizuri, hiyo ni dharura inayoua. Mloweshe mwili mzima kwa maji papo hapo, mpepee kwa nguvu, asinyweshwe kitu kama hajitambui, na mwende kituo cha afya huku mnaendelea kumlowesha njiani. Kabla ya kulala usiku wa kwanza Engare Sero, uliza kituo cha afya kiko wapi, nani ana gari lenye nguvu usiku, na mtandao gani wa simu unashika pale unapoegesha.

Ukishapata zile namba za kipimajoto za siku tatu, nitumie pamoja na picha ya paa kwa ndani, mbavu zikionekana, nami nitakuonesha tundu la feni likatwe wapi.